Bahasha ya Mwalimu



Wapenzi wasomaji, kila tukutanapo baada ya sala ya Ijumaa, mazungumzo yetu hayakawii kufika kazini. Huyu hulalamika kwamba tajiri wake amemkata saa mbili alizozifanyia kazi. Yule amenyimwa likizo. Mwingine ameugua juma zima, na mshahara umepungua bila ya kuelezwa sababu. Sote hutikisa vichwa tukasema kwamba ughaibuni hakuna huruma. Mwezi huu tumeona vyema tujitazame wenyewe, maana nasi tumepata kuwa matajiri wa mtu, tukamtendea yale yale tunayoyalalamikia. Wahenga walisema kwamba nyani haoni nyuma yake.

Sisi tuandikao haya tumo katika kamati ya chuo chetu cha Qur'ani, katika mji mmoja wa hapa Uingereza, tangu mwaka 2009. Mwaka 2011 tulijaaliwa kumpata mwalimu. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa pwani yetu, aliyeihifadhi Qur'ani tangu utotoni. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika kisa, si jina. Alisomesha Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, na asubuhi ya Jumamosi kwa muda wa saa tatu. Jumla yake ni saa 11 kwa juma. Watoto walikuwa 34.

Kila mwisho wa mwezi mweka hazina alimtilia fedha katika bahasha. Mwanzoni zilikuwa pauni 220, kisha zikawa 260. Bahasha ile haikuwa na hati ndani yake, wala hapakuwa na daftari la kutia sahihi. Mwezi ambao wazazi walichelewa kulipa ada, bahasha nayo ilichelewa. Na mwezi ambao kodi ya ukumbi ilipanda, tulimwomba avumilie. Alivumilia. Sisi tukamsifu kwa subira yake, na hatukutambua kwamba subira ile ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya ukumbi wetu.

Tukijiuliza leo desturi hiyo tuliitoa wapi, jawabu ni kwamba tulikuja nayo. Kule tulikotoka, mwalimu wa chuo hakuwa na mshahara. Kila Alhamisi mtoto alikwenda na senti zake. Akimaliza juzuu, wazazi walipika wakapeleka sinia. Akihitimu, mwalimu alivishwa kanzu, au alipewa kila mtu alichojaaliwa nacho. Wanafunzi walimchotea maji na kumtafutia kuni, na msimu wa kulima ulipofika walikwenda shambani kwake. Mwalimu akiugua, mtaa mzima ulihangaika: mmoja analeta uji, mwingine dawa, wa tatu anamshikia darasa. Hayo ndiyo yaliyokuwa ujira wake na marupurupu yake, ijapokuwa hayakuandikwa popote. Huku ughaibuni tuliichukua ile senti ya Alhamisi, tukauacha nyuma mtaa ulioizunguka. Mwalimu wetu hapa hana shamba, na mwenye nyumba wake hapokei sinia la pilau.

Mwezi wa Januari 2018, alipokuwa akiwahi kufungua mlango ili watoto wasisimame barazani kwenye baridi, aliteleza juu ya barafu akavunjika mguu. Bahasha ya Januari tukaitia nusu. Ya Februari hatukuitia kitu, kwani tulisema kwamba hakusomesha, na fedha zile zilimstahikia kijana aliyemshikia nafasi. Tulidhani tumefanya uadilifu. Kisha tukanunua matunda na tende, tukaenda kumtazama.

Alitupokea kwa kahawa, huku anatembea kwa magongo. Tulipokwisha kumwombea dua, akatugeukia akasema: "Maalim, nawashukuruni kwa kuja. Nina swali moja tu. Mimi kwenu nilikuwa nani? Kama ni mtumishi, mtumishi akiumia kazini ana haki zake. Na kama ni mgeni, mgeni hupewa jembe siku ya tatu; mimi jembe mlinipa siku ya kwanza, na huu ni mwaka wa saba."

Hapana aliyemjibu. Baadaye tulipata habari kwamba, hata kabla ya kuacha magongo, alikuwa akiulizia kazi ya kufagia maofisi usiku, kwa sababu alikuwa na deni la kodi ya nyumba.

Usiku ule tulikaa na karatasi na kalamu tukafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la tano angeiweza, nasi hatukuwahi kuifanya kwa miaka saba. Saa 11 kwa juma ni saa 44 kwa majuma manne. Pauni 260 ukizigawa kwa 44 hupati hata pauni 6 kwa saa moja. Wakati ule kima cha chini cha sheria, kwa mtu mwenye umri wa miaka 25 na zaidi, kilikuwa pauni 7.50. Kwa kila majuma manne tulikuwa tukimpunja pauni 70, mbali na dakika za kutandika mikeka na za kuwangojea wazazi wasiokuja kwa wakati. Likizo ya malipo hakupata kupewa hata siku moja.

Tulijaribu kujitetea kwamba mama yule alikuwa mtu wa kujitolea. Lakini mwenye kujitolea kweli halazimishwi, akitaka huja, asipotaka haji, na hurudishiwa gharama zake tu, kama nauli. Sisi tulimpangia siku na saa, tulimuuliza alipochelewa, na tulimpa kiasi maalumu kila mwezi. Sheria haitazami jina tulilompa mtu, hutazama yanayotendeka. Kima cha chini kiliwekwa na sheria ya mwaka 1998, kikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 1999 kwa pauni 3.60, na mwezi wa Aprili 2025 kilifikia pauni 12.21 kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi. Likizo ya malipo ni majuma 5.6 kwa mwaka, yaani siku 28 kwa afanyaye kazi siku tano kwa juma. Na mwenye saa chache hupata kwa kadiri ya saa zake. Haki hizi haziondoki kwa sababu tajiri ni chuo, au ni msikiti, au ni jamaa.

Lakini, ndugu zetu, ingekuwa aibu kama tungeingoja sheria ya Uingereza itufundishe jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika madeni, yawe madogo au makubwa. Katika Suratul Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Yule binti alimshauri baba yake amwajiri, akasema kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Kisha yule mzee akaeleza wazi masharti yake: muda ni miaka minane, Musa akitimiza kumi ni kwa hiari yake, na yeye mzee hataki kumtaabisha. Tazameni jinsi mapatano yale yalivyokamilika: kazi imejulikana, muda umejulikana, la lazima limetenganishwa na la hiari, na mwajiri amejifunga asizidishe mzigo. Naye Mtume wetu (S.A.W.) ametuagiza tumlipe mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka, na ametuonya kwamba mwenye kumtumia mtu kazi kisha asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama.

Katika kikao cha kamati palikuwa na aliyesema kwamba kumlipa mshahara mwalimu wa Qur'ani ni kuiuza dini. Ni kweli kwamba wanazuoni walihitilafiana katika jambo hili. Lakini madh-hebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani twaifuata, yanaruhusu; na wanazuoni wa Kihanafi waliokuja baadaye waliruhusu pia, kwa kuchelea elimu isipotee. Tena Sayyidna Abubakar (R.A.), alipokuwa Khalifa, alitaka kuendelea na biashara yake ya nguo ili awalishe watu wake, Masahaba wakamwekea posho kutoka Baytul Mal ili aushughulikie umma. Ikiwa Khalifa aliwekewa posho ili asiende sokoni, vipi mwalimu wetu aachwe afagie maofisi usiku?

Mwingine alipendekeza twende tukamwombe radhi, naye atusamehe yaliyopita. Pendekezo lile lilikaribia kupita, maana lilikuwa rahisi kwetu. Ndipo mweka hazina wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema kwamba mtu anayekutegemea kwa ujira wa kesho hana nafasi ya kukunyima msamaha wa jana. Tukakubaliana tulipe kwanza, radhi tuiombe baadaye. Hesabu ya mwaka hadi mwaka, pamoja na likizo, ilifika pauni 3,150. Wazazi hawakuwa na kosa, hivyo deni hatukuwabebesha. Wajumbe tulikuwa saba; kila mmoja alitoa pauni 30 kwa mwezi kwa muda wa miezi 15, tangu Julai 2018 hadi Septemba 2019, na deni likaisha.

Ama ujira wa kuanzia pale, huo ulikuwa juu ya chuo. Ada ya kila mtoto ilipanda kutoka pauni 12 hadi 16 kwa mwezi. Familia mbili zilijitoa, na moja ikarudi. Tukajiandikisha katika idara ya kodi kama tajiri yeyote, na tukamwandikia mwalimu mapatano ya kurasa mbili: kazi yake, saa zake, kima cha saa, siku ya kulipwa, likizo, malipo ya siku za ugonjwa, na muda wa kuarifiana ikiwa upande mmoja unataka kuachana. Tangu tarehe 6 Aprili 2020 maelezo ya namna hiyo ni lazima mwajiriwa apewe siku ya kwanza ya kazi. Na kila malipo ni lazima yaambatane na hati ya mshahara. Muulizeni kila kijana wenu anayeanza kazi kama amepewa.

Kuhusu akiba ya uzeeni, mshahara wake ulikuwa mdogo mno hata sheria haikutulazimisha kumchangia. Hata hivyo tulikubali kutoa asilimia 3. Hapa pana jambo linalowahusu wengi. Hapa Uingereza, mwajiriwa aliyefika miaka 22 na ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali, akipata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka kwa tajiri mmoja, huingizwa katika mfuko wa pensheni bila ya kuomba. Tangu Aprili 2019 mchango kwa jumla si chini ya asilimia 8 ya sehemu ya mshahara inayohesabiwa, na katika hizo tajiri hutoa asilimia 3 kwa uchache. Ndugu zetu wengi hujitoa kwa kuogopa riba. Hofu hiyo ni njema, lakini ulizeni kwanza. Mfuko wa Nest, ulioanzishwa na serikali, una fungu lililotengwa kwa mujibu wa Sharia; ila hutiwi humo mpaka ulichague mwenyewe. Mwenye kujitoa bila ya kuuliza huyaacha pia mafungu ya tajiri, ambayo ni sehemu ya ujira wake.

Jambo lililotushughulisha kuliko fedha lilikuwa namna ya kuipima kazi yake. Zamani tulipokuwa tukifundisha sekondari nyumbani Tanzania, mkuu wa shule aliandika kila mwaka taarifa ya siri juu ya kila mwalimu. Kupandishwa cheo kulitegemea taarifa ile, nasi hatukupata kuona hata moja. Mtu aliweza kunyimwa cheo kwa kosa asilolijua, basi angejirekebishaje? Mwaka 2004 serikali ilileta utaratibu wa wazi, uliojulikana kwa ufupi kama OPRAS, ambamo mtumishi na msimamizi wake walipatana malengo na kuyatazama pamoja. Sisi tulioteseka na taarifa ya siri ndio tuliokuwa tukimpima mwalimu wetu katika maegesho ya magari: huyu anasema ni mkali, yule anasema anakwenda polepole, na mwenyewe haambiwi lolote.

Mjumbe mmoja alishauri tumlipe ziada kwa kila mtoto atakayemaliza juzuu, ili apate ari. Mwalimu alikataa. Alisema: "Mkifanya hivyo, mtoto mzito wa ulimi atakuwa hasara yangu, na mwepesi nitampitisha makosa yake. Mimi sitaki kumwangalia mtoto nikaona pauni."

Maneno yale yalitukumbusha tuliyoyasoma chuo kikuu katika historia ya elimu. Nchi hii ilikwisha kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1862, chini ya Robert Lowe, ruzuku ya shule za msingi ilifungamanishwa na mitihani ya kusoma, kuandika na hesabu. Kila mtoto aliyeshindwa somo moja aliipunguzia shule yake shilingi 2 na peni 8. Walimu wakawakaririsha watoto vitabu vya mtihani, na masomo yasiyolipiwa yakapuuzwa. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1890 ukaondolewa. Kipimo kibaya humharibu hata mfanyakazi mwema, kwani humlazimisha achague baina ya kazi yake na chakula chake.

Tulichokubaliana ni kukaa pamoja mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Safar na mwezi wa Shaabani. Mwalimu huanza kusema. Huulizwa mambo matatu: mahudhurio ya watoto, usahihi wa matamshi yao, na nani kati yao anahitaji msaada. Naye hutuuliza matatu: je, mshahara ulilipwa siku yake, ukumbi ulipashwa moto, na wazazi waliwachukua watoto kwa wakati? Yanayosemwa huandikwa, na pande zote mbili hutia sahihi. Katika kikao cha kwanza alitufungulia daftari lake: kwa muda wa miezi sita alikuwa amebaki mara 19 baada ya saa moja usiku akiwangojea wazazi. Majina mawili yalikuwa ya wajumbe wa kamati. Saa zile tulimlipa, na wajumbe wale hawakuchelewa tena.

Mapatano yale yalipata mtihani wake mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga kumbi zote. Serikali ilileta mpango wa kulipa asilimia 80 ya mishahara ya waliosimamishwa kazi kwa muda, nao ulidumu hadi mwisho wa Septemba 2021. Waliostahiki ni wale tu ambao matajiri wao walikwisha kuyapeleka majina yao katika idara ya kodi. Jina la mwalimu wetu lilikuwamo tangu Julai 2018. Akalipwa, nasi tukamkamilishia asilimia 20 iliyobaki. Kama angekuwa bado mtu wa bahasha, asingepata hata peni moja, na sisi tungemtumia tena matunda na tende.

Angali anasomesha mpaka leo. Tulipomwombа radhi, baada ya malipo ya mwisho, alicheka akasema kwamba alikwisha kusamehe zamani, ila alitaka kwanza tujue ni nini alichokuwa akisamehe.

Basi, wapenzi wasomaji, tuna maombi mawili. La kwanza, tazameni hati zenu za mshahara, zihesabuni saa zenu, na msione haya kuuliza. La pili ni zito zaidi: watazameni wale wanaofanya kazi chini ya mikono yenu. Yupo kijana wa dukani, yupo mpishi wa mkahawa, yupo mama anayewalea watoto. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 hata mtumishi wa nyumbani anayelala kwa tajiri wake, asiye jamaa wa nyumba ile, ana haki ya kima cha chini. Kusema kwamba "anaishi nasi kama mwenetu" hakutoshi tena. Kila mmoja wao ana haki ya kuuliza, "Mimi kwenu ni nani?", na jawabu lake linafaa liwe limeandikwa kabla hajateleza kwenye barafu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza vipimo, wanapopokea na wanapotoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.